Kufundisha kinga ya maambukizi wodini: mwongozo kwa muuguzi aliyekabidhiwa kazi hiyo

Mwaka 1976, katika hospitali ndogo ya misheni ya Yambuku, kaskazini mwa nchi iliyoitwa Zaire wakati huo, wauguzi wa kliniki ya wagonjwa wa nje walikuwa wakipewa mabomba matano ya sindano kila asubuhi. Matano, kwa wagonjwa wote wa siku hiyo. Akitoka mgonjwa mmoja, sindano ilisuuzwa kwenye maji ya vuguvugu, kisha akachomwa anayefuata. Ugonjwa ulioingia pale ndio baadaye ulipewa jina la Ebola. Waliugua watu 318, wakafa 280. Kati ya watumishi 17 wa hospitali, 11 walikufa, na milango ikafungwa.

Mimi huanza mafunzo yangu kwa kisa hiki kwa sababu pale Yambuku hapakuwa na mtu mwenye nia mbaya. Walikuwa watu wema waliofanya kazi kwa kile walichokuwa nacho na kwa namna walivyozoea. Wodini kwetu maambukizi bado yanapita kwa njia hiyo hiyo, kwa mikono ya watu wema waliozoea. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza mwaka 2022 kwamba katika nchi tajiri, kati ya wagonjwa 100 waliolazwa, 7 hupata maambukizi humo humo hospitalini. Katika nchi za kipato cha chini na cha kati ni 15, na kati ya kila 10 wanaoyapata, mmoja hufa.

Basi umeitwa na Mganga Mfawidhi, umeambiwa kuanzia leo wewe ndiye msimamizi wa kinga na udhibiti wa maambukizi, IPC kama tunavyoiita kazini, na uandae mafunzo kwa watumishi. Wazo la kwanza linalomjia kila mtu ni ukumbi, projekta na posho ya siku mbili. Nimefundisha hivyo miaka mingi. Watu husikiliza vizuri, hujibu mtihani vizuri, Jumatatu wanarudi wodini na kufanya walichokuwa wakifanya Ijumaa. Siku hizi nafundishia penye sinki na penye kitanda, kwa vifaa vilivyopo siku hiyo. Hivi ndivyo ninavyofanya.

Hatua ya 1: Angalia kabla hujasema neno

Tenga wiki moja ya kuangalia tu. Pita wodi kwa wodi ukiwa na daftari. Fungua kila bomba: maji yanatoka? Sabuni ipo, au kuna kisahani kikavu? Kitakasa mikono kiko umbali gani na kitanda? Sanduku la sindano limejaa kiasi gani? Nenda na chumba cha kujifungulia usiku, maana mambo ya saa nane za usiku siyo ya saa nne asubuhi.

Kisha hesabu kunawa mikono. WHO imetaja nyakati tano: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu, kama kuweka kanula (mrija wa mshipani), baada ya kugusa damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka, hata kama yeye mwenyewe hukumgusa. Keti pembeni kwa dakika 20 hivi. Kila mara mojawapo ya nyakati hizo inapotokea, weka alama: amenawa au hakunawa. Gawa idadi ya alama za "amenawa" kwa idadi ya nyakati zote, zidisha kwa 100, hiyo ndiyo asilimia ya kuanzia. Hesabu rasmi hutaka nyakati 200 kwa kila wodi. Wodi yenye vitanda kumi na mbili itakuchukua siku kadhaa kuzifikia, usichoke.

Usiandike jina la mtu. Andika kada tu: muuguzi, daktari, mhudumu wa afya, mwanafunzi. Siku jina la mtu litakapofika kwa Matron kupitia daftari lako, utakuwa umefundisha wodi nzima kunawa ukiwepo na kuacha ukiondoka.

Hatua ya 2: Ondoa kizuizi kwanza

Kuna hospitali moja niliyoendesha mafunzo ya siku mbili, watu wakafurahi, tukapiga na picha. Wiki tatu baadaye nilirudi nikakuta chupa zote za kitakasa mikono zimefungiwa kabatini. Incharji, yaani msimamizi wa wodi, aliogopa zisiishe kabla ya mgawo mwingine, na wala sikuweza kumlaumu, kwa kuwa mgawo kweli ulikuwa hauji. Kosa lilikuwa langu. Niliwafundisha watu kutumia kitu bila kwanza kuuliza kinatoka wapi na kinakwisha lini.

Kwa hiyo peleka orodha yako ya wiki ya kwanza kwa Mganga Mfawidhi, katibu wa afya na mfamasia kabla ya kupanga tarehe ya mafunzo. Bomba lisilotoa maji litapata ndoo yenye koki leo, fundi akisubiriwa. Kitakasa mikono kinaweza kutengenezwa hapo hapo hospitalini. Kanuni ya WHO kwa lita 10 ni hii: ethanoli (spiriti) ya asilimia 96, mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, mililita 417, gliseroli ya asilimia 98, mililita 145, kisha maji yaliyochemshwa yakapoa, mpaka ifike lita 10. Huachwa saa 72 kabla ya kutumika, ili vijidudu vilivyokuwa ndani ya spiriti au chupa vife. Aiandae mfamasia au msaidizi wake, mbali na moto. Gliseroli isiachwe ati kupunguza gharama. Ndiyo inayozuia ngozi kupasuka, na muuguzi mwenye mikono iliyopasuka hatanawa.

Hatua ya 3: Waite wale wasioitwa

Barua ya mafunzo ikifika, wanaotumwa ni wale wale, mara nyingi wauguzi wawili ambao zamu zao zinaruhusu. Anayebeba ndoo ya damu kutoka chumba cha upasuaji hayumo. Anayefua mashuka hayumo. Anayesukuma mwili kwenda mochwari hayumo. Hawa ndio wanaogusa uchafu mwingi kuliko sisi sote, na katika hospitali nyingi wameajiriwa na kampuni ya usafi, wanabadilishwa kila baada ya miezi michache, na hakuna aliyewahi kukaa nao chini kuwaeleza. Wape kipindi chao, kwa Kiswahili cha kawaida, na uwaulize kabla ya kuwafundisha. Mama mmoja wa usafi alinieleza kwamba sindano nyingi alikuwa akizikuta kwenye mashuka ya wodi ya watoto. Kamati nzima ya IPC ilikuwa haijui.

Kwa madaktari, njia iliyonifaa ni kumpata daktari mmoja mkubwa akubali kunawa hadharani katika raundi ya asubuhi, kitanda kwa kitanda. Interni, yaani madaktari walio mafunzoni, na wanafunzi humwiga bila kuambiwa, na hapo hakuna semina inayoweza kumshinda.

Hatua ya 4: Vipindi vifupi, kimoja kwa wiki

Tumia dakika 30 za makabidhiano ya zamu. Kipindi kimoja, jambo moja, kwa wiki sita hivi. Rudia kila kipindi mara mbili ili zamu ya usiku nayo ipate.

Mikono. Leta glovu, kitambaa cha kufunga macho na rangi ya maji ya watoto wa shule. Mtu mmoja avae glovu, mfunge macho, mmwagie kijiko cha rangi kiganjani, mwambie anawe kama kawaida yake. Mfungue macho. Palipobaki peupe ndipo ambapo sabuni haifiki kila siku. Karibu kila mara ni kidole gumba, ncha za vidole na katikati ya vidole. Wacha wacheke, halafu waonyeshe mpangilio sahihi, kila mmoja arudie mbele yako. Kwa kitakasa mikono ni sekunde 20 hadi 30, kwa sabuni na maji ni sekunde 40 hadi 60 kazi yote. Saa, pete na kucha ndefu ni za nyumbani.

Malizia kwa glovu, kwa sababu wengi wanaamini glovu ni badala ya kunawa. Mwulize anayepita na glovu moja kutoka kitanda cha 1 hadi cha 8: hiyo glovu inamkinga nani? Yeye mwenyewe, kidogo. Mgonjwa wa kitanda cha 8 amepokea vya wote saba waliotangulia. Glovu moja, mgonjwa mmoja, kazi moja, ukivua, nawa.

Vitu vyenye ncha kali. Kipindi hiki hukianza kwa kusema juu yangu mwenyewe. Nikiwa mwanafunzi nilijidunga sindano nikiirudishia kifuniko, na nikanyamaza siku mbili kwa hofu ya kugombezwa. Siku mbili hizo sitazisahau. Nikisema hivyo, kila mara yupo anayeinua mkono na kukiri kuwa na yeye aliwahi kunyamaza.

Ndipo ninapotoa takwimu. Ukijichoma sindano iliyotoka kwa mtu mwenye virusi vya UKIMWI, uwezekano wa kuambukizwa ni takriban 3 katika 1,000. Kwa homa ya ini aina B, kwa asiyechanjwa, unaweza kufika 30 katika 100. Hapo hapo uliza nani amemaliza dozi tatu za chanjo, ya kwanza, ya mwezi mmoja baadaye na ya mwezi wa sita. Andika waliobaki na uwapeleke chanjo wiki hiyo hiyo.

Fundisha kwa vitendo: sindano haifunikwi tena, haipindwi, haitenganishwi na bomba lake kwa mkono; inakwenda moja kwa moja kwenye sanduku lililo karibu na kitanda, na sanduku likifika robo tatu linafungwa. Aliyejichoma aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka. Asikamue damu, asimwagie klorini. Damu au majimaji yakimrukia machoni, asafishe kwa maji mengi. Atoe taarifa papo hapo, kwa kuwa dawa za kinga za VVU zinafaa zaidi zikianzwa ndani ya saa chache, hazianzwi baada ya saa 72, na humezwa siku 28. Bandika ukutani dawa hizo zinapatikana wapi saa sita usiku na nani ana ufunguo. Wengi wetu tuna mwongozo wa dawa hizi lakini hatujui ufunguo uko kwa nani.

Klorini na usafi wa mazingira. Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko kote, kwa sababu kila wodi ina mtu wa kukadiria kwa macho. Fundisha hesabu yake kwa chupa halisi. Soma asilimia iliyoandikwa kwenye lebo, gawa kwa asilimia unayoitaka, toa moja. Jibu ni sehemu za maji kwa kila sehemu moja ya dawa. Chupa ya asilimia 3.5 ukitaka 0.5: 3.5 gawa kwa 0.5 ni 7, toa 1, unapata 6. Kopo moja la dawa, makopo sita ya maji. Ukitaka 0.1, ni makopo 34. Chupa ikija yenye asilimia 5, hesabu inabadilika, kwa hiyo mtu asikariri "moja kwa sita" kama sala. Kwa unga, gawa asilimia unayoitaka kwa asilimia ya unga, zidisha kwa 1,000, unapata gramu za kila lita: unga wa asilimia 70 kwa dawa ya 0.5 ni kama gramu 7. Pimeni mara moja kwenye mizani ya duka la dawa, muone kijiko chenu kinabeba gramu ngapi, mkiwekee alama.

Ya 0.5 ni ya damu na majimaji yaliyomwagika. Sakafu, meza na vitanda hutosheka na 0.1. Funika damu kwa kitambaa, iondoe, safisha kwa sabuni, ndipo upake klorini na kuiacha angalau dakika 10. Uchafu huila nguvu ya klorini, ndiyo maana kumwaga dawa juu ya bonge la damu ni kuharibu dawa. Changanya upya kila siku, kwa maji baridi, kwenye ndoo yenye mfuniko. Usiichanganye na dawa nyingine ya kusafishia, hutoa hewa ya sumu. Usimpulizie mtu. Na dekio la choo lisiingie wodini, hata kama limeoshwa. Yape madekio rangi tofauti. Deki ianzie pasafi kwenda pachafu, na usafi wa vitanda na meza uanzie juu kushuka chini.

Vifaa. Wengi wetu tulifundishwa kutumbukiza mikasi na koleo kwenye klorini ya 0.5 kwa dakika 10 kabla ya kuviosha. Nilifundisha hivyo mimi mwenyewe, tena kwa kusisitiza. Tangu mwongozo wa WHO wa mwaka 2016 kuhusu usafishaji wa vifaa, utaratibu huo haupendekezwi: klorini hula chuma, damu huidhoofisha, na anayeosha hujiona salama kumbe siyo. Kifaa kinasuuzwa au kulowekwa kwa maji na sabuni kisikaukiwe damu, kinasuguliwa kwa brashi chini ya maji, aliyekishika akiwa na glovu nzito, aproni na kinga ya uso. Kama mwongozo wa wizara unaoutumia bado unataja ndoo ya klorini, peleka suala kwenye kamati kabla ya kubadili. Watumishi wakisikia mambo mawili tofauti, watafanya la zamani.

Baada ya kuoshwa, kifaa huingia kwenye otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke: nyuzi 121 za Selsiasi, dakika 30 kwa vilivyofungwa na 20 kwa visivyofungwa, zikihesabiwa kuanzia joto na msukumo vilipofika, siyo tangu ulipowasha. Usishindilie pakiti, mvuke unahitaji nafasi ya kupita. Utepe unaobandikwa kwenye pakiti ukibadilika rangi unakuambia tu kwamba pakiti imepita kwenye joto. Hausemi yaliyotokea ndani yake.

Taka hazihitaji kipindi kizima. Simamieni palipo na mapipa matatu, kila mtu apewe kitu mkononi akitupe, mwenzake amsahihishe. Kwa Tanzania na Kenya nyeusi ni za kawaida, njano ni ambukizi, nyekundu ni zenye maambukizi makali kama kondo la nyuma na viungo. Pipa lisiwe mbali na kazi, la sivyo kila kitu kitaishia kwenye lile lililo karibu.

Mgonjwa asiyejulikana ana nini. Septemba 2024 Rwanda ilitangaza mlipuko wa Marburg, ugonjwa wa virusi unaofanana na Ebola. Waliougua walikuwa 66, wakafa 15, na wengi wa waliougua walikuwa watumishi wa afya, waliokuwa wakimhudumia mtu kabla ugonjwa haujapewa jina. Mkoani Kagera, Tanzania, mwaka 2023, ugonjwa huo huo uliua watu sita, mmoja wao mtumishi wa afya. Kwa hiyo kipindi hiki kifanyieni mlangoni, mapokezi. Mlinzi na karani wajue maswali mawili matatu ya kuuliza mwenye homa: ametoka wapi, amemhudumia au kumzika nani, anatokwa damu? Anayekohoa apewe barakoa na akae pembeni penye hewa.

Kisha fanyeni zoezi la kuvua vifaa vya kujikinga. Watu huvaa vizuri, huambukizwa wakivua. Chagueni mpangilio mmoja kwa hospitali nzima, kwa mfano glovu na gauni kwanza, nawa, miwani, barakoa mwisho kwa kushika kamba zake, nawa tena. Avue polepole huku mwenzake akimsomea hatua kwa sauti. Kupaka rangi kwenye gauni kabla ya kuvua huonyesha wazi ilipohamia.

Hatua ya 5: Hakikisha kwa macho, siyo kwa mtihani

Mtihani wa karatasi naupa uzito mdogo. Wiki mbili baada ya kila kipindi, mfuate mtu kwenye kazi yake halisi, akiweka kanula au kubadili kidonda, ukiwa na orodha ya hatua. Akikosea jambo linaloweza kumdhuru mgonjwa, msimamishe hapo hapo kwa upole: "Dada, subiri kidogo, hebu tunawe tena." Mengine mwambie baadaye, faraghani. Usimsahihishe muuguzi mbele ya mgonjwa wake kwa sauti ya juu. Mgonjwa atapoteza imani naye, na yeye hatakusikiliza tena.

Hatua ya 6: Hesabu tena, uwaonyeshe

Baada ya miezi mitatu rudia hesabu ya hatua ya kwanza, kwa wodi zile zile na saa zile zile. Bandika asilimia zote mbili ukutani, ya kwanza na ya sasa. Usitegemee miujiza. Katika hospitali ya Point G huko Bamako, Mali, walitengeneza kitakasa mikono wenyewe na kufundisha kwa bidii, wakatoka asilimia 8 hadi karibu 22, na ile ilikuwa kazi ya kuheshimiwa. Wodi yako ikitoka 15 ikafika 35, washukuru watu kwa dhati, uwaulize ni nini kimezuia kunawa katika nyakati zilizobaki. Mara nyingi watakujibu maji, au wagonjwa wawili kitanda kimoja. Andika, na urudi kwa Mganga Mfawidhi na orodha mpya.

Hatua ya 7: Wageni wa kila mwezi

Interni wanabadilika, wanafunzi wa uuguzi wanakuja kwa makundi, kampuni ya usafi inaleta sura mpya. Weka utaratibu kwamba hakuna anayeingia wodini kabla ya kunawa mbele ya muuguzi wa zamu, kuonyeshwa sanduku la sindano lilipo, kuelezwa afanye nini akijichoma, na kuulizwa kuhusu chanjo ya homa ya ini. Kazi hiyo ni ya dakika 15. Mchague muuguzi mmoja kila wodi aishike, na mwingine wa kumpokea akienda likizo, na majina yao yaandikwe kwenye ratiba ya zamu pamoja na ya wengine.